Albamu ya "Barcelona": chukueni toleo la 2012

Mimi ni mwimbaji wa kwaya, sauti ya tatu, na nikisikia mtu wa pop ameimba na mtu wa opera huwa nakunja uso. Mara nyingi mmoja hubebwa mgongoni. Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen, na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera wa Uhispania, ndio walionifanya nifikiri upya kwa albamu yao hii, ila si mara moja.

Nilianza na toleo la 1988, likanichosha. Sauti zimetimia, lakini nyuma yake vinanda vya umeme vinajifanya okestra. Mama wa watu amezoea kupenya okestra nzima bila maikrofoni, leo anatandikiwa zulia la plastiki! Mwaka 2012, Mercury akiwa ameshafariki karibu miaka 21, sauti zile zile zilirudishwa juu ya okestra halisi. Hilo ndilo la kununua.

Vaa hedifoni, weka "Guide Me Home". Caballé anaishusha sauti mpaka inabaki uzi, na uzi haukatiki. Kupaza sauti hata mimi naweza. Kuipunguza bila noti kuporomoka ndiko kunakommaliza mtu pumzi. Pembeni yake Mercury anabaki na sauti yake ile ile ya jukwaani, haigizi opera hata kidogo, na hapo ndipo nilipomvulia kofia. Wimbo unamwagikia moja kwa moja kwenye "How Can I Go On", ambako besi inapigwa na John Deacon, mwenzake wa Queen.

Ratiba ya Caballé ilikuwa imebana, kwa hiyo Mercury alimrekodia sehemu zake kwa falseto (sauti nyembamba ya juu ya mwanamume), akampelekea kanda ajifunzie. Kanda hizo ningezilipia!

"The Golden Boy" ina kwaya ya gospeli, nimeirudia kupita kiasi (upendeleo, nakiri). Wimbo uliobeba jina la albamu mnaujua kwa sababu ya Olimpiki ya 1992 jijini Barcelona, mwaka ambao wimbo huo ulifika namba 2 kwenye chati za Uingereza. Mercury alikuwa amefariki Novemba iliyotangulia.

"Overture Piccante" ya mwisho ni mseto wa vionjo vya nyimbo zile zile, naizima kabla haijaisha. Nyota nne na nusu kati ya tano. Nusu iliyobaki imeliwa na wimbo "La Japonaise", ambao nimeujaribu mara sita na bado hatujaelewana.