Spika za "wati 500" kwenye Honda CG ya mzee: mziki upo, wati sizioni

Wadau, nina miezi mitano na hizi spika za pikipiki, nimeona niandike maana kabla sijanunua nilitafuta mtu wa kunieleza vizuri nikakosa, kila ninayemuuliza ananiambia we nunua tu utafunga. Haya nimenunua, nimefunga, nimeunguza waya, nimefunga tena.

Pikipiki yenyewe ni Honda CG125 ya mzee wangu. Aliinunua mtumba enzi yuko kazini, akaendea shamba miaka na miaka, alipochoka mgongo akanirithisha akiwa hai. Ni ya kiki tu, haina stata. Mashine ukiisikia inavyonguruma hutaamini umri wake, na si bure boda kibao za Kichina zimekopi injini hiyohiyo. Ila umeme ndo mzee kweli, waya zimekakamaa kama tambi ambazo hazijapikwa, ukizikunja mpira unapasuka.

Spika nilichukua Kariakoo, bei ya kuanzia elfu 90, nikaondoka nazo kwa elfu 65 baada ya kujifanya naenda duka la pili. Ndani ya boksi kuna spika mbili za inchi 3 zenye magamba ya chuma meusi, ampilifaya imefichwa ndani ya spika moja, kuna sehemu ya flashi na memori kadi, redio FM, blututhi, na rimoti ndogo ya kuning'iniza kwenye funguo ambayo pia inawasha alamu ya wizi. Boksi limeandikwa 500W kwa herufi za dhahabu.

Sasa hizo wati tuziongelee kidogo. Kwenye ule waya mwekundu wa seti kuna kikopo cha fyuzi, nikakifungua, fyuzi imeandikwa ampia 3. Volti 12 mara ampia 3 unapata wati 36, na hapo ni mwisho kabisa kabla fyuzi haijakatika, na sio zote zinageuka sauti, nyingine zinaishia kuwa joto kwenye ampilifaya. Zile 464 zilizobaki nadhani walisahau kuzipakia melini. Silalamiki sana kwa hilo maana hata wangeleta wati 500 za kweli CG ningeiambia nini, 500 kwa volti 12 ni zaidi ya ampia 40, wakati betri yangu ni ile ndogo ya ampia-saa 2.5 (yaani ampia 2.5 kwa saa moja imeisha), ukubwa wake kama pakiti ya majani ya chai.

Ufungaji ndo habari yenyewe. Nilienda kwa kijana mmoja huku kwetu Mbagala anafunga mziki kwenye boda na bajaji, simtaji, ana wateja wengi na siku ile alikuwa na haraka. Akabana spika kwenye usukani, akafungua taa ya mbele, akachuna waya mbili kwa meno, akaunga nyekundu ya seti sehemu, akaunga nyeusi ya seti kwenye nyeusi ya pikipiki. Nikawasha funguo, kimya, hata taa ya nyutro haipo. Fyuzi ya pikipiki imekatika. Akasema fyuzi yako ilikuwa imechoka bro. Akaweka nyingine, tak, imekatika. Akaingiza mkono mfukoni akatoa pakiti ya sigara, akachana ile karatasi ya silva, akaiviringisha kwenye fyuzi iliyokufa akairudisha mahali pake, akanitazama kama mtu aliyenisaidia. Nikawasha. Hesabu moja, mbili, tatu, nikaanza kusikia harufu, mara moshi mweupe mwembamba unatoka chini ya tanki. Jamani tanki lina petroli! Nilichomoa funguo nikaruka pembeni, yeye ndo akakumbuka kuchomoa betri. Elfu 15 yake ya ufundi alitaka bado.

Nilisukuma pikipiki mpaka kwa fundi mmoja mtu mzima huko Temeke, huyu ni fundi umeme wa magari lakini ujana wake ameumalizia kwenye Honda. Nikamwamkia, nikamweleza, hajacheka wala hajashangaa, akaniuliza tu, "Kijana wangu, huyo aliyekufungia alikuuliza pikipiki ni kampuni gani?" Nikamwambia hapana mzee. Akasema basi ndo hapo.

Akanivutia kiti akanionyesha. Kwenye vitu vya Kichina na redio za magari nyeusi ni ethi, yaani hasi, kila mtu anajua. Kwenye Honda ethi ni ya KIJANI. Nyekundu inatoka betri, na nyeusi ndo yenye moto, yaani umeme wa chanya, ukishawasha funguo. Kwa hiyo yule kijana alichukua hasi ya spika akaiunga kwenye moto wa pikipiki. Na kibaya zaidi, gamba la spika ni chuma, limeungana na hasi ya ampilifaya kwa ndani, halafu limebanwa kwenye usukani wa chuma, na usukani ni bodi, bodi ni ethi. Moto umetoka betri ukapita waya mweusi ukaingia kwenye gamba la spika ukarudi kwenye bodi bila kufanya kazi yoyote njiani. Hiyo ni shoti kamili, na fyuzi zote mbili zilikatika kwa haki yake, aliyetuponza ni karatasi ya sigara maana yenyewe haikatiki mpaka waya uive kwanza.

Niliipenda sana hiyo dakika, kusema ukweli. Mzee alishika ule waya ulioungua akaukunja, mpira ukamwagika kama maganda ya karanga, shaba ndani imekuwa ya kijivu.

Alibadilisha kipande chote kilichoungua, halafu mziki akaufunga upya, nawaeleza alivyofanya ili ukienda kwa fundi wako umbane. Akaweka rilei ya miguu minne, yaani swichi inayowashwa na umeme kidogo ili ipitishe umeme mkubwa, hizi za kawaida za gari zinapatikana kila duka la spea. Mguu 30 umetoka moja kwa moja kwenye betri kupitia fyuzi ya ampia 5 aliyoiweka karibu kabisa na betri, sio karibu na spika, maana fyuzi inalinda waya, ukiiweka mwisho wa waya mita nzima yote inabaki haina mlinzi. Mguu 87 ukaenda kwenye spika. 86 akaupa ule waya mweusi wa funguo, 85 ethi. Kwa hiyo swichi ya funguo, ambayo na yenyewe imezeeka, haibebi mzigo wa mziki, inaamsha rilei tu. Ukizima funguo mziki unazima, hakuna kusahau.

Maungio yote alichoma kwa risasi akavisha mipira ile inayosinyaa kwa moto. Solotepu nyeusi aliikataa, anasema kwa jua la Dar gundi inayeyuka wiki mbili tepu inabaki inaning'inia kama bendeji. Gharama yake na rilei na waya elfu 40. Ndiyo, ukiunganisha na spika nimefika laki na tano, na hapo yule wa kwanza sijamhesabu.

Tukawasha. Mziki umelia. Mtaa mzima nikajua kumbe nina tabasamu.

Ila ukivuta resi kulikuwa na mluzi mwembamba unapanda na injini, wiiiii, ukiachia unashuka. Akasema hiyo ni chaji inaingia kwenye mziki, akatoa ethi ya spika pale kwenye boliti ya bodi mbele akaipeleka mpaka hasi ya betri yenyewe, akakata tyubu kuukuu ya baiskeli akaizungushia usukani ndo akabana klampu juu yake, ili gamba lisigusane na bodi. Mluzi ukapungua kwa kiasi kikubwa, kwenye nyimbo hausikiki, kwenye taarifa ya habari unausikia kwa mbali. Na ile tyubu imesaidia jambo jingine, CG inatetemesha, bila hiyo boliti za klampu zingekuwa zinalegea kila mara.

Redio FM mwanzoni ilikuwa shida, tatatatata inafuatana na plagi. Nilibadilisha plagi ya D8EA nikaweka DR8EA, ile R ni kwamba ndani ina rezista inayotuliza huo mlipuko wa umeme. Kelele imeondoka karibu yote. Plagi ni hela ndogo, anza nayo kabla hujaitukana redio.

Sasa sauti. Ukiwa umesimama au unatembea spidi ya mtaani, 30 hivi, ni safi kuliko nilivyotegemea. Sauti ya mtu inatoka vizuri sana, mtangazaji wa mpira unamsikia mpaka anavyohema, Simba na Yanga nimesikiliza nimepaki nje ya genge watu wakajaa kama kuna msiba. Taarab inalia. Bongo fleva yenye besi nzito hapana, spika ya inchi 3 besi itatoa wapi, ukiongeza inakoroma tu, mwisho wangu ni sauti ya 22 kati ya 30. Na ukishika Kilwa Road ukafika 60, upepo pamoja na helmeti vinameza kila kitu, unabaki unahisi mtetemo tu kwenye usukani, wanaofaidi ni watu wa pembeni. Nilijikuta naongeza sauti mpaka lori linanipigia honi mimi sisikii, tangu siku hiyo barabara kubwa nazima.

Umeme nimepima kwa mita ya kuazima. Sauti ya kawaida inakula kama ampia 0.6, ukifungulia inaruka mpaka 2 na kidogo. Volti kwenye betri mashine ikiwa imezimwa 12.6, ukiwa barabarani 13.9, hapo chaji inatosha mziki na chenji inabaki. Tatizo ni foleni. Pale Rangi Tatu umesimama, mashine iko slensa, inanguruma bila resi, mguu uko kwenye breki, indiketa inapiga, mziki unalia, mita ikasoma 11.9 na indiketa ikaanza kupepesa kivivu kama mtu mwenye usingizi. Piga hesabu mwenyewe: glopu ya breki wati 21 peke yake inakula karibu ampia 2, kuzidi hata mziki wa sauti ya kawaida. Nikaitoa nikaweka ya LED, foleni ileile sasa hivi inasoma 12.4. Taa kubwa kwenye yangu haihusiki kabisa, inalishwa moja kwa moja na koili yake kule kwenye sumaku ya mashine inayozalisha umeme, ndo maana inafifia ukiachia resi hata kama mziki umezima, kwa hiyo msiisingizie spika.

Alamu ya wizi usiitumie. Kwanza inalia paka akipita. Pili ili ifanye kazi inataka umeme muda wote hata ukizima funguo, kuna waya wake wa pembeni unaunga betri moja kwa moja, nilipima inanyonya miliampia 20, unaona ndogo eti, lakini betri ya ampia-saa 2.5 hiyo ni siku tano mpaka inakuwa tupu kabisa. Nilisafiri siku nne kurudi nikakuta honi inatoa sauti ya mbuzi. Bahati CG yangu CDI yake, kile kiboksi kinachopeleka cheche kwenye plagi, inakula kwenye koili yake yenyewe sio betri, kwa hiyo kiki mbili imewaka. Zipo pikipiki ambazo CDI inategemea betri, hizo ungesukuma mpaka kwa fundi. Nimechomoa ule waya, rimoti sasa ni ya kurukisha nyimbo tu.

Mvua: boksi limesema haziingizi maji. Masika nimepita nazo, spika zenyewe hazijadhurika, ila kile kifuniko cha mpira cha sehemu ya flashi kilidondoka mwezi wa pili, na maji yalishaingia mara moja flashi ikafa na nyimbo zangu zote. Nimekata kipande cha ndala nikachomeka. Kinakaa kuliko cha kiwandani.

Wenye Honda za zamani zaidi kuweni makini, CG zilivyoanza kutoka 1976 zilikuwa za volti 6, na bado zipo vijijini zinabeba mkaa. Angalia betri imeandikwa nini kabla hujatoa hela, seti hii ni ya 12, kwenye 6 haiamki.

Nikiipa maksi, spika zenyewe 6 kwa 10 kwa bei ile, fundi wa Temeke 10, boksi na herufi zake za dhahabu sifuri.

Mzee alikuja mwezi jana kunitembelea. Nilidhani atagomba kwa kumharibia pikipiki yake, akaizunguka kimya, akaniuliza, "Inashika TBC Taifa?" Nikamwekea. Akavuta kiti uani akakaa nayo mashine imezimwa funguo iko oni, taarifa ya habari, matangazo ya vifo, mpira, mimi nikaenda kulala. Asubuhi napiga kiki imewaka, naweka indiketa, haipepesi hata kidogo. Namtazama, anakunywa chai.