Sedani ya kifahari ni gari la spoti? Tuzipange hizi zinazouzwa Kampala

Simama mbele ya Toyota Mark X nyeupe yenye spoila kwenye bondi yoyote ya Nakawa, yaani yadi ya magari yaliyoagizwa nje, kijana wa mauzo atakufikia kabla hujagusa mlango. "Boss, hii ni spoti kabisa." Sogea kwenye Mercedes C-Class iliyo pembeni, nayo ni spoti. Crown Athlete? Spoti. Kwa hesabu yao, gari pekee lisilo la spoti Kampala nzima ni taksi ya abiria kumi na wanne, na hata hiyo dereva wake ana maoni tofauti.

Kwa mtu anayetaka kutoa mamilioni, neno hilo lina bei. Gari likiitwa spoti, muuzaji anaongeza pesa juu. Kwa hiyo nitangulize msimamo wangu: sedani ya kifahari ya ukubwa wa kati haizaliwi spoti. Ni gari la kukaa vizuri, la watu wanne au watano na mizigo yao. Lakini baadhi yake zina toleo moja au mawili yanayostahili jina hilo, na toleo hilo hulitambui kwa rangi wala kwa bampa. Utalitambua kwa injini, kwa magurudumu yanayosukuma gari, na kwa nambari ya chesisi.

Tuanze na kipimo. Toyota GT86, iliyotoka mwaka 2012, ni spoti isiyo na ubishi: nguvu za farasi 200, uzito wa kilo 1,240 hivi, na viti vya nyuma ambavyo ni vya mkoba tu. Kila farasi anabeba kilo zipatazo 6. Mark X ya 2.5 ya kizazi cha pili ina farasi 203 na kilo 1,510 hivi, yaani zaidi ya kilo 7 kwa kila farasi. Imeshindwa. Ila chukua Mark X hiyohiyo yenye injini ya 3.5 na farasi 318: kila farasi anabeba kilo 5 hivi, na kwenye barabara iliyonyooka GT86 itabaki ikitazama taa za nyuma. Wakifika kwenye kona, hadithi inageuka, kwa sababu gari zito ni lazima lifunge breki mapema na lisubiri zaidi kabla ya kukanyaga tena mafuta. Sedani inaweza kuwa na mbio za spoti bila kuwa na mwili wa spoti.

Watengenezaji wenyewe wamelikoroga suala hili kwa muda mrefu. Mwaka 1989 Nissan waliuza Maxima huko Marekani wakiinadi kuwa ni gari la spoti la milango minne, na lilikuwa linavutwa na magurudumu ya mbele! Sisi huku milango minne haijawahi kutusumbua. Anayefuata Pearl of Africa Rally anajua kwamba Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution zimetimua vumbi miaka yote hiyo zikiwa na umbo la sedani. Idadi ya milango haiamui.

Kuna jambo la Uganda ambalo matangazo ya Japani hayakwambii. Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ikiwa nyepesi injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Farasi 203 waliopakiwa melini Yokohama wanashuka Nakawa wakiwa kama 180. Panda nalo Kabale, utapungukiwa zaidi. Injini ya turbo hujisukumia hewa yenyewe, hivyo haiumii sana. Ndiyo maana BMW ya lita 2 yenye turbo inaweza kukushangaza ukiilinganisha na V6 (injini ya silinda sita) ambayo kwenye karatasi ni kubwa kuliko yake.

Kabla ya kupanga nafasi, tuseme la kodi. Gari lililopita miaka 15 tangu litengenezwe haliingizwi nchini tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2018. Toa 15 kwenye mwaka huu, utajua mwisho wako. Kwa magari makuukuu kuna tozo ya mazingira inayofika asilimia 50, halafu ushuru wa forodha, halafu VAT ya asilimia 18. URA, mamlaka ya mapato, wana jedwali lao la thamani, kwa hiyo risiti yako ya mnada wa Japani isikupe matumaini makubwa. Gari linaloonekana rahisi kwenye tovuti linaweza kufika kwako kwa bei karibu maradufu.

Nafasi ya 1: Toyota Mark X, kizazi cha pili (2009 hadi 2019)

Najua wapo watakaoguna. Lakini gari hili linasukumwa na magurudumu ya nyuma, lina V6, lina giaboksi ya gia sita, na spea zake unazipata soko la Kiseka bila kuagiza nje. Fundi wa Ndeeba halifungui kwa kubahatisha. Spoti iliyokaa gereji miezi miwili ikingoja sensa moja ya injini haina mbio zozote.

Shida ni kwamba jina moja linabeba magari mawili. 250G ni la lita 2.5, farasi 203. Kizazi cha kwanza kilikuwa na farasi 215 kikadai petroli ya daraja la juu. Toyota wakakipunguza makali ili cha pili kinywe petroli ya kawaida, na kwa hali ya vituo vyetu, hasa ukitoka nje ya mji, hiyo ni neema. 350S ni la lita 3.5, farasi 318, na lenyewe bado linataka petroli ile ya bei kali. Kwangu 350S linaingia kwenye kundi la spoti. 250G ni gari zuri linalokimbia, basi.

Sasa tazama kinachofanyika mjini. Nembo ya "350S" inauzwa dukani na kubandikwa dakika moja. Usisome nembo, soma nambari ya chesisi, kwenye logibuku (kadi ya gari) na kwenye bodi yenyewe. Ikianza na GRX130 ni 2.5. GRX133 ni 3.5. GRX135 ni 2.5 inayosukuma magurudumu yote manne, ambayo kwa anayepanda Kapchorwa msimu wa mvua si wazo baya. Ukikuta nembo ya 350S nyuma na GRX130 kwenye karatasi, unauziwa plastiki. Kuhusu GRMN, toleo maalum la Mark X lenye gia za mkono, zilitengenezwa 100 mwaka 2015 na 350 mwaka 2019, basi. Anayekwambia anayo bondini, omba karatasi kabla ya kuomba bei.

"S Package" nayo inawadanganya wengi. Ni bampa, spoila na rimu za inchi 18 zenye tairi la ubavu mfupi la 235/45. Haiongezi farasi hata mmoja. Mji huu ndio ambao Aprili 2023 wakazi wake walijaza mitandao kwa picha za mashimo wakiziita maonyesho, na sijaona sababu ya kulipia zaidi ili kupata tairi la ubavu mfupi. Chukua rimu za 16 zenye 215/60. Spoti ya kweli Kampala ni kufika nyumbani na rimu nne zilizonyooka.

Nenda kuliangalia asubuhi, na uweke kiganja kwenye boneti kabla ya salamu kuisha. Likiwa la moto, wameliwasha kabla hujafika, na kuna sababu. Injini ya 4GR, ile ya lita 2.5, inapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi na mafuta na hujenga masizi. Ikiwaka baridi utaisikia ikitetemeka kama mtu mwenye homa. Chomoa kijiti cha oili pia: baadhi ya injini hizi hula oili, na anayeuza ataijaza siku hiyohiyo.

Nafasi ya 2: BMW 3 Series, F30 (2012 hadi 2019)

Kama ningepanga kwa spoti peke yake, hili lingekuwa juu. Uzito umegawanywa karibu nusu kwa nusu mbele na nyuma, usukani unajibu, na hata 320i ya farasi 184 ina turbo inayovumilia miinuko yetu. Barabara ya Kabale kwenda Kisoro, kona juu ya kona, ndipo utaelewa watu wanalipa nini. Mark X inafika. BMW inakufanya utamani kurudi uanze upya.

Lakini magari mengi ya F30 hayana tairi la akiba. Yalitoka kiwandani na matairi ya kutembea bila upepo, magumu, ambayo yakipasuka Lyantonde usiku huna pa kuyapata. Wengi huyabadilisha na ya kawaida, wakanunua tairi la akiba na kuliweka buti. Hesabu gharama hiyo mapema. Injini ya N20, ile ya lita 2 yenye turbo, ya miaka ya mwanzo ina sifa mbaya kwenye cheni ya taimingi: vishikio vyake vya plastiki huchakaa, na cheni ikiruka unanunua injini. Ukisikia mlio wa kukwaruza upande wa chini injini ikiwa imewaka, shukuru na uondoke. Ya baada ya 2015 ina nafuu. Usinunue bila fundi mwenye kompyuta ya BMW. Kompyuta ya jumla ya elfu hamsini haisomi nusu ya matatizo.

Nafasi ya 3: Subaru Legacy B4, toleo la GT

GT tu. Legacy ya kawaida isiyo na turbo ni gari la familia na halimo kwenye mjadala huu. 2.5GT ya tangu 2009 ina farasi 285 na inavuta magurudumu manne, na 2.0GT DIT iliyofuata mwaka 2012 ina farasi 300. Kwenye murram iliyonyeshewa, zote nilizozitaja juu zitaomba radhi na hii itapita. Anasa yake ni ya wastani. Plastiki za ndani hazikufanyi ujione waziri. Tatizo kubwa ni mmiliki aliyetangulia. Subaru ya turbo ikikutana na kijana aliyeacha oili ipitilize, au aliyechezea programu ya injini ili ipige mabomba, umenunua ugomvi. Bomba lisilo la kiwandani nalichukua kama ushahidi dhidi ya muuzaji.

Nafasi ya 4: Nissan Skyline V36 (2006 hadi 2014)

Kwa damu, hii ndiyo iliyo karibu zaidi na spoti halisi, kwa sababu imejengwa juu ya jukwaa moja na Fairlady Z. 350GT ina farasi 315, na 370GT inazidi hapo. Ningependa kuiweka juu. Lakini inakunywa, inataka petroli nzuri, spea zake hazijazagaa kama za Toyota, na injini hizi za VQ zina gasketi ya njia za oili nyuma ya kifuniko cha taimingi inayochoka na kushusha presha ya oili. Kuibadilisha ni kufungua mbele yote ya injini. Isitoshe, za miaka ya mwanzo tayari zimezuiwa kuingia nchini na za mwisho zinakaribia, kwa hiyo nyingi utakazoziona tayari zina namba za hapa na wamiliki wawili watatu.

Nafasi ya 5: Toyota Crown Athlete

Jina linasema mwanariadha, mwili unasema mkurugenzi. Gari tamu kwa safari ya Mbarara, kimya, viti vipana. Ya 3.5 inakimbia sana. Ukitaka anasa, iweke namba moja ufunge mjadala. Ukitaka spoti, pita.

Nafasi ya 6: Mercedes C-Class

C180 na C200 ndizo zilizojaa, na hizo si spoti hata zikivaa nembo ya AMG, kitengo cha magari ya mbio cha Mercedes, kila upande. C63 AMG halisi ya umbo la W204 ina V8 ya lita 6.2 na farasi 457. Mlio wake ukiusikia mara moja hutauliza tena ipi ni feki.

Kuna anayeuliza nguvu yote hii ni ya nini wakati Entebbe Expressway yenyewe mwisho ni kilomita 100 kwa saa. Jibu liko Mabira. Ukiwa nyuma ya trela mbili zinazotoka Malaba, unaona nafasi fupi mbele, na gari linachukua sekunde nne kuzipita badala ya tisa, hapo farasi hao wamelipa karo yao. Zaidi ya hapo ni raha yako mwenyewe, na huna haja ya kuieleza kwa mtu.

Majaribio usiyafanye ndani ya uwanja wa bondi. Omba kutoka nalo barabarani: pita matuta polepole madirisha yakiwa yamefungwa na redio imezimwa usikie bushi na shokapu, kisha lipa elfu tano za Expressway, fika 80, funga breki kwa nguvu pakiwa hakuna gari nyuma. Usukani ukitikisika, diski zimepinda. Gari likivuta upande, huenda kuna ajali iliyonyooshwa. Muuzaji akikataa lisitoke nje ya geti, bondi ya pili iko hatua chache tu mbele, na huko nako wana spoti kabisa.