Uzoefu wangu na rmiregistry: jina lilipatikana, huduma haikupatikana

Kwa takribani miaka sita nimekuwa nikitumia rmiregistry, ile programu ndogo ya daftari la majina inayokuja na lugha ya programu ya Java, kwenye mfumo wa SACCOS yetu. Muda wote huo sikuwahi kuifikiria, na kwa chombo cha aina hii hiyo ni sifa. Seva inaandikisha huduma zake kwa majina, kompyuta za kaunta zinauliza jina na kuelekezwa pa kwenda. Basi.

Kisha seva yetu ya Windows ikafa, nikahamishia mfumo kwenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux. Jumamosi jioni niliujaribu palepale kwenye seva, ukafunguka vizuri, nikaenda zangu nyumbani. Jumatatu saa mbili asubuhi nikaitwa kaunta: "Fundi, njoo uone, inagoma." Kwenye kioo: Connection refused to host: 127.0.1.1, yaani mashine yenye anwani hiyo imekataa kuunganishwa.

Nilipoteza karibu saa nzima nikikagua nyaya na swichi, nikiamini jina halionekani. Lingekuwa halipo, ningeona NotBoundException, ujumbe wa Java wa kusema jina halijaandikishwa. Daftari lilikuwa linajibu sawasawa. Jibu ndilo lililokuwa bovu. Huduma inapoandikishwa, hubeba ndani yake anwani ya kuifikia, na Java huipata anwani hiyo kwa kuiuliza mashine jina lake lina IP (anwani ya mtandao) gani. Ubuntu nayo, kwenye faili la /etc/hosts, huliandika jina la mashine kando ya 127.0.1.1. Sasa anwani zote zinazoanza na 127 maana yake ni "hapa hapa nilipo". Umempigia mtu simu kumuuliza yuko wapi, anakujibu "niko hapa" na kukata. Kompyuta ya kaunta ilipewa "hapa", ikabisha hodi mlangoni kwake yenyewe, ikakuta hakuna mtu. Na ndiyo sababu Jumamosi kila kitu kilikwenda: ukiwa kwenye seva, "hapa" ni kweli.

Dawa ni mstari mmoja wakati wa kuwasha programu ya seva: -Djava.rmi.server.hostname=192.168.1.10. Mimi kwanza niliuweka upande wa kaunta, kwa kuwa hitilafu ilionekana huko. Haukubadilisha chochote. Unawekwa kwa yule anayetoa huduma, kisha programu yake inazimwa na kuwashwa ili ijiandikishe upya, maana daftari litaendelea kutoa anwani ya zamani mpaka liletewe nyingine.

Nikashangilia mapema. Safari hii ujumbe ukataja 192.168.1.10, anwani sahihi kabisa, lakini ukaishia na Connection timed out, yaani muda wa kusubiri jibu umekwisha. Kosa langu tena: kwenye ngome ya mtandao (firewall) nilikuwa nimefungua poti 1099 peke yake, yaani mlango wa mtandao wa daftari. Huduma yenyewe husikiliza kwenye poti nyingine, na usipoitaja Java huokota yoyote, kila ukiwasha tofauti. Kwa bahati aliyeandika mfumo wetu aliacha nafasi ya namba hiyo kwenye faili la mipangilio, ikiwa imejazwa 0, yaani "yoyote". Nikaandika 1100, nikaifungua, na kabla ya saa tano wanachama walikuwa wanahudumiwa.

Je, naipendekeza? Kwa ofisi yenye mtandao wake wa ndani, ndiyo, nyota tatu na nusu. Haina gharama, imekuwepo tangu JDK 1.1 (toleo la Java) ya mwaka 1997, na ilibaki hata Java 11 ilipoiondoa CORBA, njia nyingine ya programu kuitana mtandaoni, pamoja na daftari lake la orbd mwaka 2018. Nyota moja na nusu naikata kwa ububu wake. Ukiiwasha haisemi neno. Haina hata amri ya kuonyesha majina yaliyomo, mpaka nikaandika kiprogramu changu cha mistari kumi kinachoita Naming.list. Orodha yote iko kwenye kumbukumbu ya muda, kwa hiyo ukiizima daftari peke yake, majina yote yanapotea mpaka seva ijiandikishe tena. Haina nenosiri pia: ingawa kuandikisha jina kunaruhusiwa kutoka mashine ileile tu, kuuliza anaweza yeyote aliye kwenye mtandao. Yetu siifungulii intaneti hata kwa dakika moja.

Kile kiprogramu cha mistari kumi bado ninacho. Siku hizi nakiendesha kutoka kompyuta ya kaunta, siyo kutoka kwenye seva.