Mapokezi bila kivinjari: miezi minane na klayenti ya GNU Health

Dada wetu wa mapokezi hapatani na mausi. Alijifunza kuchapa enzi za taipureta, vidole vyote kumi. Mfumo tuliokuwa nao mwanzo ulikuwa wa kufungua kwenye kivinjari, kila mgonjwa mibofyo isiyoisha, na seva yake ilikuwa mbali huko. Mtandao ukikata anarudi kwenye daftari la MTUHA, lile la takwimu za afya za serikali, jioni nanakili mimi. Zahanati yetu iko mkoani Tanga, nje ya mji, na mtandao kukata huku si habari.

Ndipo nikaijaribu GNU Health. Ni programu huria ya kutunza rekodi za wagonjwa, aliianzisha daktari Luis Falcón mwaka 2008, imejengwa kwa lugha ya Python juu ya Tryton, mfumo huria wa kuendeshea shughuli za ofisi, na data zinakaa kwenye hifadhidata ya PostgreSQL. Kilichonivuta hasa ni klayenti yake, yaani upande ule anaoutumia mtu kuzungumza na seva: ni programu yenye madirisha yake (ya GTK) unayoisakinisha kwenye kompyuta yenyewe. OpenMRS, mfumo mwingine wa rekodi za wagonjwa, naiheshimu, tena ni ya nyumbani, mizizi yake iko Eldoret tangu 2004, ila nayo inafunguliwa kwenye kivinjari.

Seva yetu ni kompyuta ya kawaida yenye Debian (aina ya Linux), imekaa chini ya meza ya chumba cha dawa pamoja na UPS, betri ya akiba umeme ukikatika. Kompyuta nne zimeungwa nayo kwa kebo na swichi. Bando likiisha, kazi inaendelea, hakuna hata anayejua.

Kuunganisha ni kujaza jina la seva, poti 8000 na jina la hifadhidata, basi. Mimi ilinichukua kutwa nzima. Nilibadilisha kebo, nikamlaumu fundi wa swichi, kumbe nimeweka klayenti ya toleo moja na seva ya toleo jingine. Lazima zilingane. Fundi nilimwomba radhi.

Kosa la pili lilikuwa tamaa. Moduli, yaani vipande vya kuongeza kazi kwenye mfumo, zipo nyingi, nikawasha karibu zote, hadi ya upasuaji na ya jenetiki, kwenye zahanati isiyo hata na chumba cha upasuaji. Tabibu akafungua faili la mtoto mwenye kikohozi, akaniita: "Hapa kwenye jenetiki niandike nini?" Na Tryton moduli ukishaiwasha haina kitufe cha kuiondoa. Nikafuta hifadhidata, nikaanza upya na chache tunazozihitaji, ikiwemo ile ya ICD-10, orodha ya kimataifa ya namba za magonjwa.

Baada ya hapo ndiyo nikaona raha yake. Ctrl+N, jina, Tab, Tab, Ctrl+S. Dada anaandika huku anamtazama mgonjwa usoni na kumuuliza habari za nyumbani. Akitaka kumtafuta mtu kwenye kisanduku cha mgonjwa anabonyeza F2. Mgonjwa hajakaa sawasawa kwenye benchi, faili lake liko tayari kwa tabibu.

Kwa sisi tunaoandika kodi za programu kuna tamu nyingine: fomu zote zinatoka kwenye seva, klayenti inazichora tu. Nikibadilisha lebo moja iwe ya Kiswahili, sizunguki kwenye kompyuta nne. Ipo pia maktaba ya Proteus, inayokuwezesha kuongea na seva kwa Python kama vile wewe ndiye klayenti. Kwa maktaba hiyo niliingiza majina ya wagonjwa kutoka Excel usiku mmoja, na sasa ndiyo inayonijumlishia hesabu za MTUHA za mwisho wa mwezi. Skripti ya kujumlisha, yaani kiprogramu kidogo, ilibidi niiandike mwenyewe; usitegemee kuikuta tayari.

Lakini ujue: klayenti haihifadhi chochote cha kufanyia kazi seva ikizima. Betri ya UPS yetu ilikufa siku ya kliniki ya watoto, umeme ukakatika, daftari likatolewa kabatini. Na kila ukipandisha toleo la seva, unazunguka mashine moja moja kupandisha klayenti. Kwa kompyuta nne ni kazi ya asubuhi moja. Zingekuwa arobaini ningefikiria mara mbili.

Mausi ya mapokezi tumempa mtu wa maabara, yake ilikuwa imekufa. Wiki ya tatu hii, dada hajaiulizia.