Vifaa vya kupima uchakavu wa injini: kipi ununue kwanza ukiwa Mwanza

Kama una hela ya kifaa kimoja tu, nunua kipima kompresheni, yaani cha kupima presha ambayo pistoni inaibana ndani ya silinda. Wengi wanakimbilia kile kidude cha OBD, cha kusoma kompyuta ya gari, kinachochomekwa chini ya usukani, nami nakipenda, ila kinasoma kile ambacho sensa zimeiambia kompyuta. Hakuna sensa inayopima ringi za pistoni zimelika kiasi gani. Kompyuta inaona dalili, mara nyingi ikiwa imechelewa.

Mpangilio huu nimeuweka kwa mwenye gari la petroli la kawaida mjini kwetu: IST, Spacio, Probox, Noah. Mwenye gereji atapanga tofauti.

1. Kipima kompresheni

Ni geji yenye mpira na vichwa vya kufunga kwenye tundu la plagi. Chukua ile ya kufunga kwa nati, uiache ya kubana kwa mkono. Ya kubana huvuja ukilegeza kidogo tu, ukaja kuhukumu injini nzima kwa sababu ya mkono uliochoka. Angalia pia vichwa vilivyomo: Toyota nyingi hutumia plagi ya milimita 14, lakini zipo injini za 12 na hata 10. Geji ya petroli usiifunge kwenye dizeli. Dizeli inasukuma presha kubwa zaidi, inataka geji yake inayofika psi 1,000 (psi ni kipimo cha presha, paundi kwa inchi ya mraba).

Kuitumia ni kazi ya asubuhi moja. Washa injini ipate moto wake, kisha zima. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta na soketi za koili, toa plagi zote. Betri iwe imejaa. Funga geji silinda ya kwanza, mwenzako akanyage pedali ya mafuta mpaka chini na kupiga stata hadi mshale uache kupanda. Mizunguko mitano hivi inatosha. Andika namba, hamia inayofuata.

Cha kutazama kwanza ni tofauti kati ya silinda. Zikiwa zinakaribiana, injini inazeeka kwa usawa. Moja ikibaki nyuma ya wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, kuna jambo. Hapo tia kijiko kimoja cha chai cha oili safi kupitia tundu la plagi, pima tena. Presha ikipanda vizuri, ringi au kuta za silinda zimelika. Isipopanda, shuku valvu au gasketi ya hedi.

Sasa jambo ambalo ningependa kila fundi wa Igoma na Buzuruga alikumbuke. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na mji wetu umepanda kutoka hapo. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kiasi cha sehemu moja ya nane. Injini ile ile ikisoma psi 180 Dar es Salaam, huku Mwanza itasoma kama 157, na haina ugonjwa wowote. Namba za vitabu na za video nyingi ni za usawa wa bahari. Mtu anaambiwa injini imechoka, anabebeshwa injini nyingine ya mtumba, kumbe alipimiwa kwa kipimo cha pwani. Inaniuma sana, maana hela hiyo ni ada ya watoto.

2. OBD ya Bluetooth

Ndicho cha bei ndogo, makumi ya maelfu ya shilingi tu, na kinatumia simu yako. Nyingi zimeandikwa ELM327, jina la chipu ya ndani, na karibu zote ni nakala, hivyo ubora unatofautiana hata ndani ya boksi zinazofanana. Mwenye iPhone asinunue ya Bluetooth ya zamani. Atafute iliyoandikwa kwamba inakubali iPhone, au ya Wi-Fi.

Angalizo kwa magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani: tundu la pini 16 kuwepo si uthibitisho kwamba gari litaongea na kidude. Marekani iliilazimisha OBD2, lugha moja ya kusoma kompyuta za magari, tangu mwaka 1996, Japani ilikuwa na njia zake. Nenda dukani na gari lako, chomeka, uone mizunguko ya injini ikisomeka kwenye simu ndipo ulipe.

Kwenye uchakavu, tafuta namba za hitilafu P0300 hadi P0304, yaani silinda kukosa kuwaka, na P0016, ambayo mara nyingine ni mnyororo wa taimingi uliorefuka. Tazama joto la maji ukipandisha kilima cha Bugando na mzigo. Na ukienda kununua gari mkononi mwa mtu, fungua sehemu inayoonyesha umbali uliotembewa tangu namba za hitilafu zifutwe. Ukikuta kilomita tatu, muulize muuzaji alifuta nini jana.

3. Kamera ya kuchungulia

Inaingia tundu la plagi na kuonyesha picha kwenye simu. Iwe nyembamba, milimita 8 au chini, na iwe na kioo cha pembeni. Kuta zenye mistari myembamba iliyopishana bado zina uhai. Mikwaruzo ya wima ni habari mbaya.

4. Geji ya presha ya oili

Kompresheni haikuambii chochote kuhusu beringi za kranki. Geji hii inafungwa mahali pa swichi ya oili, na ndiyo inayozifichua. Taa nyekundu ya dashibodi huwaka presha ikiwa imeshashuka mno, kwa hiyo gari linalogonga chini likipata moto lipimwe hivi mapema.

5. Geji ya vakyumu

Inapima jinsi injini inavyovuta hewa. Rahisi na nzuri, ila inataka mazoezi. Vitabu vinasema inchi 17 hadi 22 za zebaki injini ikiwa sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Kwetu tegemea kama 13 hadi 18, kwa sababu ile ile ya mwinuko.

6. Skana kubwa za gereji

Launch, Autel na wenzake ni vifaa bora, lakini kwa gari moja ni kufunga hela kabatini. Mlipe fundi mwenye nayo apime. Kaa pembeni yake, mwambie akuonyeshe data injini ikiwa inaunguruma, upige picha ya kila ukurasa kabla hajafuta chochote.