Kongamano Lisilo na Ratiba, Kisumu: Mafunzo ya Kufaa, Daftari la Kutia Wasiwasi

Jumamosi iliyopita nilihudhuria, katika ukumbi wa kukodi mtaani Milimani, Kisumu, kongamano la siku moja la wanahabari na waunda programu wanaofanya kazi katika nchi ambako serikali huubana mtandao. Liliendeshwa kwa mtindo wa BarCamp, ulioanzia California mwaka wa 2005: hapaalikwi wasemaji, bali asubuhi kila mwenye jambo huliandika kwenye karatasi akalibandika ukutani, na asiyeridhika na kikao huinuka akaenda kingine bila kuonekana amekosa adabu. Mtindo huu ulifika hata Yangon mwaka wa 2010, Myanmar ikiwa bado chini ya wanajeshi.

Kikao kilichonifaa zaidi kiliongozwa na mwanahabari kutoka ng'ambo ya mpaka wa Busia. Alikumbusha kwamba Waganda wengi walitumia VPN (programu inayopitisha mawasiliano kwenye kompyuta ya mbali ili kampuni ya simu isijue unatembelea tovuti gani) kukwepa kodi ya mitandao ya kijamii iliyoanza Julai 2018, shilingi 200 za kwao kwa siku. Lakini Januari 2021, intaneti yote ilipozimwa usiku wa kuamkia uchaguzi, VPN hizo hazikufaa kitu, kwa kuwa nazo huhitaji intaneti ya kupitia. Ndipo akatoa simu mbili, akachomoa laini zote na kutuonyesha Briar, programu inayoweza kupitisha ujumbe kwa Bluetooth. Ujumbe ulitoka dirishani ukafika meza ya chai. Mwenzake alipopita nyuma ya ukuta wa jikoni, ukakwama mpaka aliporudi. Hakuuficha udhaifu huo, nami nilimheshimu kwa hilo.

Chakula kilikuwa kizuri, ingawa soketi za umeme hazikutosha hata nusu yetu.

Lawama yangu ni moja, nayo si ndogo. Mlangoni palikuwa na daftari la mahudhurio lililodai jina kamili, nambari ya kitambulisho na ya simu, tena lilikuwa wazi kiasi kwamba nilisoma habari za wote walionitangulia. Nilipouliza, dada wa mapokezi alinijibu kwa upole, "Ni ya wafadhili, mwalimu. Bila sahihi hatuwezi kukurudishia nauli." Mtu aliyevuka mpaka kwa tahadhari ili ajifunze kuficha nyayo zake alitakiwa kwanza aziache hapo kwa wino. Wangeweza kumpa kila mgeni karatasi yake, kisha wakaifungia kabatini.

Wakiita tena nitakwenda, hata kwa nauli yangu mwenyewe.