Raundi sita za pepa za majaribio Mwanjelwa: alama zake ziaminiwe?

Likizo ya Desemba, nikiwa kidato cha sita PCB (fizikia, kemia na baiolojia), mama alinipa shilingi elfu sitini za viazi. Zilikuwa za kulipia raundi sita za mitihani ya majaribio kwenye kituo kimoja cha tusheni upande wa Mwanjelwa, hapa Mbeya. Jina la kituo silitaji, maana nina malalamiko na sitaki kumharibia mtu riziki yake. Ila kila ikifika Novemba wadogo zangu wa Uyole na Tukuyu huniuliza swali lile lile: zile pepa zinafaa, na alama zake ziaminiwe?

Pepa zinafaa sana. Alama ndizo zinazohitaji maelezo.

Kwetu hakuna mtihani wa peke yake wa kuingia udaktari. Mtihani ni ule ule wa taifa wa mwezi wa tano. Mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, unataka usipungue D katika fizikia, kemia na baiolojia, jumla pointi 6, kwa hesabu ya A pointi 5, B 4, C 3, D 2 na E 1. Hizo 6 zinakuruhusu kuomba tu. Waombaji wanapangwa kuanzia juu, na mara nyingi nafasi huisha kabla ya kumfikia mwenye D tatu. Ndiyo maana mtu wa PCB hulala akihesabu: 70 ni B, 69 ni C, na alama moja hiyo inaweza kukutoa kwenye udaktari.

Raundi moja ilikuwa siku mbili. Siku ya kwanza kemia asubuhi na fizikia mchana, ya pili baiolojia, kila pepa ikichukua saa tatu. Ukigawa elfu sitini kwa pepa kumi na nane, kila moja inakuja kama shilingi 3,300, na hapo kuna kusahihishiwa. Kwa bei ya Mbeya sioni pa kulalamika. Ukumbi una bati tupu bila dari. Mvua ya Desemba ikishuka kutoka mlima Loleza humsikii msimamizi, kwa hiyo walikuwa wanaandika muda uliobaki ubaoni kila nusu saa. Nilikuja kuipenda ile kelele. Mwezi wa tano mvua ilinyesha pia, mwenzangu wa pembeni akawa anashika kichwa, mimi naendelea kuandika.

Raundi ya kwanza kemia nilipata 44.

Shuleni, mwezi mmoja kabla, nilikuwa na 66. Nilishuka ngazi nikapita sokoni bila kuona mtu, nikafika Uyole nikamwambia mama kwamba hela yake imepotea. Aliniuliza kitu kimoja tu: "Mwanangu, wamekuonyesha ulipokosea?" Nikasema karatasi watanipa kesho. Akasema, "Basi ngoja kesho."

Kesho yake karatasi ikaja, na hapo ndipo nilipoelewa kituo hiki kinauza nini. Shuleni tulikuwa tumepimwa mada tulizomaliza muhula ule. Hapa walipima vidato vyote viwili kwa mkupuo, pamoja na mada ambazo shule yetu ilikuwa haijazigusa. Kati ya alama 56 nilizokosa, karibu ishirini zilikuwa za mada ambazo sijawahi kufundishwa. Zile 66 na hizi 44 hazikuwa mizani moja, na mimi nilikuwa nazilinganisha kama bei ya debe la viazi jana na leo.

Zilizoniumiza ni alama zile nyingine. Kulikuwa na swali la kemia ya udongo, mada ambayo mtoto wa mkulima wa Uyole hatakiwi kuikosa. Wametoa kiasi cha madini kwenye udongo: kalsiamu 6, magnesiamu 2, potasiamu 0.5, sodiamu 0.5, kisha hidrojeni na alumini jumla 6, na uwezo wa udongo kushika chaji zote hizo ni 15. Tafuta asilimia ya besi. Mimi nikajumlisha vyote, nikapata 15, nikagawa kwa 15, nikaandika asilimia 100 na kupigia mistari miwili chini. Msahihishaji alizungushia ile 100 kwa wino wa kijani, akaandika pembeni: "Hidrojeni na alumini ndizo tindikali yenyewe, zimefuata nini kwenye besi? Na kama besi ni 100, mkulima huyu chokaa anaweka ya nini?" Jibu lilikuwa 9 kwa 15, yaani asilimia 60. Mama anamwaga chokaa shambani kila baada ya misimu, mimi mwenyewe nimebeba mifuko ile, na nilikuwa sijawahi kuona kwamba lile jibu langu linasema udongo hauna tindikali hata chembe.

Maandishi ya namna hiyo yalikuwa karibu kila ukurasa. Kwenye baiolojia nilikatwa alama mbili kwa kutoandika gameti (seli za uzazi) kwenye mchoro wa urithi, jibu likiwa sahihi. Kwenye kemia, alama ya kutoa mbele ya kilojuli niliisahau mara tatu katika raundi mbili, na mara ya tatu msahihishaji akaandika tarehe za zile mbili za mwanzo. Ina maana alikuwa ananikumbuka, kati ya watu themanini na tatu. Mwalimu huyo wa kemia, popote alipo, ndaga fijo, asante sana kwa Kinyakyusa.

Nikaanza kuweka daftari. Kila karatasi ikirudi nahesabu: alama ngapi sikujua kabisa, ngapi nilijua nikaharibu, ngapi muda uliniishia. Raundi ya kwanza za kuharibu zilikuwa 23. Raundi ya nne zilikuwa 11, ingawa alama ya jumla ilikuwa imepanda kutoka 44 hadi 58 tu, na katikati hapo, raundi ya tatu, ilikuwa imerudi nyuma kutoka 52 hadi 50. Ningekuwa naangalia ile namba ya juu peke yake, raundi ya tatu ningeacha. Daftari lilinionyesha kwamba pepa ya tatu ilikuwa na maswali mengi ya mada nisizozijua, na kwamba kwenye mada ninazozijua nilikuwa nimepanda.

Sasa malalamiko.

La kwanza ni raundi ya tano. Kemia nilipata 73. Nilimpigia simu mama nikiwa ndani ya daladala. Usiku nikaikalia ile pepa, nikakuta kati ya maswali tisa niliyojibu, sita ni ya mitihani ya taifa ya miaka ya nyuma, neno kwa neno, na yote tulishayafanya shuleni. Nikatenga matatu ambayo sikuwahi kuyaona: yalikuwa na alama 35, nilipata 19, sawa na asilimia 54. Hiyo ndiyo iliyokuwa hali yangu, na raundi ya sita, yenye maswali mapya, nikapata 61. Kituo kinachotoza hela kwa mtihani wa majaribio hakina ruhusa ya kunakili. Mwanafunzi anaondoka na 73, anapunguza kusoma kemia, anahamia fizikia, anakuja kushtuka mwezi wa saba matokeo yakitoka. Nilimweleza mwenye kituo uso kwa uso. Alikiri kwamba mtungaji alichelewa. Sikuridhika na mpaka leo sijaridhika.

La pili ni orodha ukutani. Majina yote themanini na tatu, wa kwanza hadi wa mwisho, na alama, mlangoni pale ambapo hata mama ntilie anasoma. Kuna dada alikuwa anakaa mbele yangu, anakuja kutoka Mbalizi kila siku ya pepa. Raundi ya pili jina lake lilikuwa la 83. Raundi ya tatu dawati lake lilikuwa tupu, na hakuja tena. Wangempa karatasi yake mkononi na yale maandishi ya kijani, naamini angebaki.

Karatasi za raundi ya sita zilichelewa hadi Januari, nikiwa nimesharudi shule Iringa. Mama alimkabidhi kondakta bahasha, nikaipokea stendi. Na mitihani ya vitendo hawana kabisa, kwa hiyo bureti na pipeti utazishika shuleni kwako tu. Ulizia mapema.

Matokeo yangu ya taifa: kemia B, baiolojia B, fizikia C. Kwa NECTA, Baraza la Mitihani, hiyo ni divisheni wani ya pointi 7, kwa TCU ni pointi 11, na wazazi wengi huchanganya hapa kwa sababu NECTA ndogo ndiyo nzuri na TCU kubwa ndiyo nzuri. Kemia kutoka 61 ya Desemba hadi B si kwamba kituo kilinifanyia muujiza. Nilikuwa na miezi minne ya kusoma zile mada za daftari, na pepa zao ni ngumu kidogo kuliko ya taifa. Kwa hiyo ukipata 60 kwao kwenye pepa isiyonakiliwa, usilie. Ukipata 73, kwanza kagua maswali umeyaona wapi.

Ningelipa tena? Ndiyo, kama msahihishaji wa kemia bado yupo. Ulizeni hilo kabla ya kutoa hela, na ombeni kuonyeshwa karatasi moja ya mwaka jana iliyosahihishwa, muone kama pembeni kuna maneno au vema na kosa tu. Nendeni na kikokotoo chenu na karatasi za grafu. Za kwao huisha mapema, na duka la jirani hufungua saa tatu, pepa ikiwa imeanza.